Kumi Wakikubali, Wawili Wakikataa

Pale Mwaloni, soko la Kirumba jijini Mwanza, magunia ya dagaa yakisubiri gari, kuna mzee alizusha swali lisilohusiana kabisa na bei ya dagaa. Raia 12 wa kawaida, yaani juri, wamekaa kuamua kesi ya jinai, kumi wanasema mshitakiwa ana hatia, wawili wanakataa. Afungwe?

Marekani wamejibu hapana. Hadi 2020, jimbo la Oregon liliruhusu mtu atiwe hatiani kwa kosa kubwa kwa kura 10 dhidi ya 2, na Louisiana vilevile kwa makosa yaliyotendwa kabla ya 2019. Mwaka huo, kwenye kesi ya Ramos dhidi ya Louisiana, Mahakama ya Juu ikasema lazima juri yote ikubaliane. Chimbuko la utaratibu wa Louisiana wa kutohitaji sauti ya wote linanuka: uliingizwa kwenye katiba ya 1898, na waliouandika hawakuficha kwamba walitaka Wazungu waendelee kutawala. Mtu mweusi angeingia kwenye juri, kura yake ingehesabiwa, kisha ingezidiwa.

Uingereza walikwenda njia nyingine. Tangu 1967 jaji anaweza kupokea uamuzi wa watu 10 kati ya 12. Walihofia rushwa na vitisho: ikihitajika sauti ya wote, mhalifu ana kazi ya kumnunua mmoja tu.

Huku Kanda ya Ziwa hofu hiyo siipuuzi. Tuseme bibi kizee ameuawa akisingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu (macho yaliyoivishwa na moshi wa jikoni miaka nenda rudi). Kwenye juri ya majirani hatakosekana mmoja anayeamini kimoyomoyo kwamba marehemu alikuwa mchawi kweli. Huyo mmoja anaikwamisha kesi, inaanza upya, na mashahidi wameshahama au wameingiwa woga. Lakini geuza upande: kijiji kizima kimemnyooshea kidole kijana fulani, wawili tu ndio wanaona ushahidi haushiki. Na kuua kwa kukusudia, kwetu adhabu yake ni kunyongwa.

Sisi Tanzania hatuna juri. Tulikuwa na wazee wa baraza waliokaa na jaji wa Mahakama Kuu. Walitoa maoni, jaji hakufungwa nayo, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2022 si lazima wawepo. Zamani niliona huo ni upungufu. Siku hizi natazama kitu kingine: jaji huandika sababu. Wakili akienda Mahakama ya Rufani anafungua ukurasa na kuonyesha kosa lilipo. Juri hutamka uamuzi na kwenda zake nyumbani. Pasipo sababu, ukaidi wa wale wawili ndiyo dalili pekee kwamba shaka ipo. Kwa hiyo penye juri ya namna hiyo niko na uamuzi wa Ramos, hasa kwenye mauaji. Kwa makosa mepesi, kumi wananitosha.

Mzee wa Mwaloni hakuridhika. Alitaka kwanza aambiwe wale wawili walisema nini mle chumbani.