Hazina Iliyonifuata Miguuni

Mtu wa Tabora hafundishwi habari za hazina. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani walipiga hukohuko kwetu sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kisha wakakimbia. Tangu hapo hakuna mbuyu Tabora ambao haujasingiziwa sanduku chini yake. Babu yangu alichimba nyuma ya nyumba futi 12. Hakupata hata msumari. Bibi akasema shimo lisipotee bure, likajengewa kuta, likawa choo, na mimi nimekua nikikitumia choo hicho. Kwa hiyo sina kisingizio. Historia ya ukoo ilinionya mara mbili kwa siku.

Sasa naishi Orlando, jimbo la Florida, napanga maboksi ghalani zamu ya usiku. Nina rafiki mtu wa Mombasa, wa Mji wa Kale, ambaye tunamwita Nahodha kwa sababu hutapika kwenye feri ya Likoni. Usiku mmoja wa mwezi Mei alinipigia simu saa 5.

"Mnyamwezi, umekaa?"

"Niko juu ya ngazi, kazini."

"Basi shuka. Nimepata ramani."

Watu wa huku wakitaka kupunguza vyombo huvitandaza mbele ya gereji na kuviuza kwa bei ya kutupa. Nahodha alikwenda kutafuta feni, akarudi na ramani ya dola 15. Alinitumia picha. Karatasi ya kahawia, kingo zimeungua, nyangumi akitema maji pembeni, dira, maneno ya Kihispania, na kwenye ukingo wa bahari alama ya msalaba kwa wino mwekundu. Nikatazama ile alama, nikatazama boksi nililoshika. Lilikuwa na sabuni za mbwa.

Saa 12 alfajiri nilipotoka kazini nilimkuta langoni, injini inanguruma. Nilitaka kupitia nyumbani nioge na kubadili nguo. Akakataa. "Dhahabu haingoji mtu anuke vizuri." Nikapanda garini na nguo za kazi, kofia ya kazi na viatu vya kazi. Vikumbuke hivyo viatu.

Njia nzima alinisomesha. Tarehe 24 Julai 1715, alisema, meli 11 za Kihispania na moja ya Kifaransa zilitweka kutoka Havana, zimesheheni fedha na dhahabu za Amerika kwenda kwa Mfalme Felipe wa Tano. Wiki haikuisha. Usiku wa kuamkia tarehe 31 kimbunga kilizirusha kwenye miamba ya pwani ya mashariki ya Florida, zikavunjika zote 11. Ya Mfaransa tu ndiyo iliyosalimika. Watu wapatao 1,000 walikufa maji. Hapo hata Nahodha alishusha sauti, akasema "Mungu awarehemu", halafu akaongeza mwendo.

"Na mali je?"

"Wahispania walirudi wakaopoa sehemu, maharamia wakawaibia sehemu, iliyobaki iko palepale. Ndiyo maana paitwa Pwani ya Hazina. Wafikiri ni jina la mkahawa?"

Nikamwambia ramani za kale hudanganya. Kumbe alikuwa akilisubiri swali hilo. Alikuwepo fundi ujenzi mmoja, Kip Wagner, aliyekuwa akiokota sarafu nyeusi ufukweni baada ya dhoruba. Watu walimcheka, kwa sababu wenye elimu walishasema meli zile zilizama kwingine. Ndipo ikapatikana ramani ya mchora ramani mmoja wa kale, Bernard Romans, ya mwaka 1775, imeandikwa waziwazi mahali zile meli zilipoangamia. Romans hesabu ya meli aliikosea, lakini mahali alipapatia. Wagner na wenzake wakaopoa mali ya mamilioni.

"Na Mel Fisher, yule msaka hazina?" akaendelea, maana ukimwanzisha Nahodha humzimi. "Atocha, meli nyingine ya Kihispania, ilizama 1622. Fisher akaitafuta kuzunguka visiwa vya Matecumbe hukuhuku Florida, nenda rudi. Mtaalamu mmoja, Eugene Lyon, akakaa na makaratasi ya Kihispania kule Seville, akayasoma sawasawa. Kumbe ni visiwa vingine kabisa, magharibi ya Key West! Ilipatikana 1985. Miaka 16 mwenzio akitafuta, nawe wasinzia Yeehaw Junction."

Kweli nilikuwa nasinzia. Na kweli tulikuwa Yeehaw Junction. Sijabuni jina hilo.

Kilichonizindua ni habari ya bibi yake. Zamani, alisema, pwani yetu iliijua fedha ya Kihispania, na Waswahili wakiiita riale ya mzinga, kwa sababu ile picha ya nguzo mbili juu yake waliiona kama mizinga miwili. Fedha za Mhispania zimezunguka dunia mpaka kwenye mikoba ya mabibi wa Mji wa Kale! Kwa hiyo, kwa hesabu zake, hatukuwa tunakwenda kuchukua mali ya watu. Tulikuwa tunakwenda kudai chenji.

Pembeni mwa ramani palikuwa na namba za longitudo. Nahodha aliziingiza kwenye simu, simu ikatuonyesha katikati ya Atlantiki, kusini ya Bermuda, ikasema hakuna barabara. Hakutikisika. Ramani za Kihispania za kale, alisema, hazikuhesabu kutoka Greenwich, nyingine zilianzia Tenerife, nyingine Cádiz. Hilo ni kweli, nimelichunguza baadaye. Akajumlisha, akatoa, akajumlisha tena, mpaka msalaba ukatua kwenye maegesho ya magari karibu na mlango-bahari wa Sebastian, hatua chache kutoka chooni. Hapo moyo ulinidunda. Choo ni alama ya ukoo wetu.

Tulifika jua limeshachomoza. Nahodha alikuwa ameazima ditekta, ile mashine ya mkono mrefu yenye sahani chini, unaipitisha juu ya mchanga, ikinusa chuma inalia. Yeye akashika mashine, mimi koleo. Sheria aliijua: majini hatugusi, kule kuna wenye vibali, na hata wao jimbo laweza kuwakata mpaka asilimia 20. Sisi ni mchanga mkavu tu. Tukatembea bega kwa bega, yeye akipeperusha sahani kushoto na kulia.

Hatua ya tatu, mashine ikapiga yowe.

Nimesikia ving'ora vya moto ghalani. Havikufika pale. Nahodha akanitazama, macho yamemtoka. "Simama hapohapo! Chimba ulipo!" Nikachimba. Akapitisha sahani juu ya mchanga niliotoa: kimya. Akaipitisha shimoni, karibu na miguu yangu: yowe. "Iko chini zaidi!" Nikaingia shimoni, nikachimba mpaka magotini. Mchanga wa nje kimya, shimoni yowe. Mpaka kiunoni. Yowe lilelile, halipungui, na kila nikishuka nalo linashuka. Nahodha alikuwa akitetemeka. "Ni sanduku zima, Mnyamwezi. Lingekuwa sarafu moja lisingelia hivi."

Nikatoka kunywa maji. Akapitisha sahani shimoni.

Kimya.

Tukatazamana. Akaja kwangu polepole, mashine mbele kama mtu anayemfukuza nyoka, na alipofika nilipokaa ikalia tena. Nikaruka pembeni. Kimya pale nilipotoka, yowe pale nilipotua.

"Inahama," akanong'ona.

Watoto wa mjini wanaweza kucheka, lakini sisi tuliolelewa na wazee tunajua kwamba mali iliyokaa muda mrefu huwa na mwenyewe. Jini huilinda, na akitaka huihamisha chini kwa chini kama fuko. Nahodha alisema jambo liko wazi: mali imenipenda, nina nyota, ila mlinzi wake bado hajaridhia. Inabidi aombwe. Hatukuwa na udi wala ubani. Akaleta marashi ya kupulizia kutoka garini, akayapuliza pande nne, upepo ukayarudisha yote usoni kwangu. Akamwahidi jini kilo mbili za halua.

Kisha akakwama. "Huyu ni jini wa 1715. Kiswahili atakijua wapi? Wewe kazini mna Wamexico, sema naye."

Nikasimama mbele ya bahari, nimevua kofia, nikatafuta Kihispania changu chote. Ghalani nimejifunza maneno manne, na matatu hayasemwi mbele ya jini mwenye heshima. Basi nikamwambia lililobaki: "Mañana." Yaani nimemwita jini wa miaka 300 kutoka usingizini ili nimwambie kesho.

Tukaendelea. Kufikia saa 4 tulikuwa na mashimo matano, yote yamenifuata mimi, na mgongo wangu haukuwa wangu tena. Ndipo akaja mama mmoja wa Kimarekani, mtu mzima sana, kofia pana, fulana yenye picha ya kasa. Hakusalimia. Alihesabu mashimo kwa kidole.

Alitueleza, kwa sauti ya mwalimu mkuu mstaafu, kwamba ufukwe ule ni miongoni mwa mazalia makubwa ya kasa duniani, kwamba kuanzia Machi mpaka Oktoba wanapanda kutaga, na kwamba kasa akitumbukia katika shimo kama hilo, akanionyesha lile la kiunoni, hatoki. Tuyafukie yote, sasa. Tukasema shikamoo kwa Kiingereza, yaani tuliinamisha vichwa.

Halafu akaitazama ditekta. Akanitazama mimi. Akashuka na macho mpaka miguuni.

"Hizo buti," akauliza, "zina chuma puani?"

Zina. Kazini hawakuruhusu kuingia bila buti zenye chuma cha kukinga vidole. Nimezivaa miaka mitatu, nimesahau kabisa kwamba natembea na kilo nzima ya vyuma. Nahodha akainama, akapitisha sahani juu ya buti ya kulia: yowe. Ya kushoto: yowe. Akarudia mara kadhaa, nadhani kwa matumaini.

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko kilipomwisha akaomba kuiona ramani, na hapo mambo yakazidi kuharibika. Aliweka kidole kwenye mlango-bahari wa Sebastian, umechorwa vizuri, na mawimbi yake. Mlango huu, alisema, haukuumbwa na Mungu. Ulichimbwa na watu, ukajifunga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ukafunguliwa tena 1948. Mhispania wa 1715 aliuonaje? Akaigeuza ramani. Nyuma, kwenye kona, palikuwa na duara hafifu. Nikalinusa. Kahawia yote ile ilikuwa chai.

Nahodha hakusema neno. Nilivua buti nikaziweka mbali, tukaanza kufukia. Yeye, kwa mazoea tu au kwa huzuni, alikuwa akipitisha sahani juu ya kila shimo kabla hatujaliziba. Kwenye la nne, mimi nikiwa pekupeku, mashine ikalia. Si yowe. Mlio mdogo, mtamu, kama kifaranga.

Akapiga magoti, akachimba kwa mikono, akatoa sarafu.

Ilikuwa imebadilika rangi, nyekundu-nyeusi, upande mmoja umeshikwa na gamba la chumvi na mchanga. Akaisugua kwa kidole. Kikatokea kichwa cha mwanamume, ubavuni, nywele zimefungwa nyuma kwa utepe.

"Felipe," akasema. "Felipe wa Tano. Tazama hizo nywele!"

Akageuza. Chini ya gamba ikaanza kuonekana meli. Si motaboti, ni merikebu ya Kihispania hasa, na matanga yake. Na mimi, mjukuu wa mchimba choo, nilipiga kelele. Tulikumbatiana. Nahodha alilia machozi, akamtaja bibi yake kwa jina, akasema riale imerudi nyumbani. Mashaka tuliyokuwa nayo dakika tano kabla hatukuyakumbuka.

Yule mama alikuwa bado amesimama. "Sugueni na upande wa pili wa meli," akasema kwa upole.

Tukasugua. Gamba likatoka. Kando ya merikebu, angani, kikatokea chombo cha anga cha Marekani, kinaelekea mwezini au popote kinapokwenda, na mwaka 1845, na mwaka 2004.

Ilikuwa senti 25. Marekani ilitoa sarafu moja kwa kila jimbo, na ya Florida ina merikebu ya Kihispania kwa ajili ya historia na chombo cha anga kwa ajili ya Cape Canaveral, kule vinakorushwa vyombo hivyo, ambako tungefika kwa mwendo wa saa moja hivi kwenda kaskazini. Na yule Felipe ni George Washington.

Njiani kurudi Nahodha alinyamaza mpaka Yeehaw Junction, kisha akaanza kujitetea. Robo dola, alisema, zamani ilihesabiwa kuwa reale mbili, maana peso ya Kihispania ilikuwa na reale nane, na Wamarekani waliitumia dukani kihalali mpaka 1857. Kwa hiyo kisheria tumepata reale mbili. Nikamkumbusha asilimia 20 ya jimbo. Tukabaki na senti 20, senti kumi kila mtu. Petroli iligharimu dola 34.

Sarafu akaniachia mimi nimtunzie, kwa sababu nina nyota. Niliiweka kwenye kibakuli mezani. Jumamosi mke wangu alikwenda kwenye ile supamaketi ya bei nafuu ambako toroli zimefungwa kwa mnyororo mpaka utumbukize senti 25, na alipomaliza akaona uvivu kulirudisha, akamwachia mama mwingine aliyekuwa akiingia.

Nilimpigia Nahodha, nikamweleza. Kimya kirefu.

"Toroli gani?" akauliza.

"Atajuaje? Yako kama mia."

"Muulize shemeji alisimama wapi, alitazama upande gani, jua lilikuwa wapi." Nikasikia droo ikifunguliwa, karatasi ikichakarika. "Usikate simu. Nachora."