Miwani ya Jenerali kwenye Sanamu za Elisabeth Frink

Mchongaji wa Uingereza Elisabeth Frink (1930–1993) aliacha wanaume, farasi, mbwa na ndege wengi wa shaba, na karibu wote hawana majina. Je, kumwondolea mtu jina kunamfanya awe wa wote, au kunamficha?

Tuviangalie vichwa vyake vya miwani, alivyotengeneza akiishi Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1960. Alichochewa na picha za Jenerali Mohamed Oufkir, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Morocco, akiwa amevaa miwani myeusi. Mwanasiasa wa upinzani wa Morocco, Mehdi Ben Barka, alitoweka Paris mwaka 1965, na mwaka 1967 mahakama ya Ufaransa ilimhukumu Oufkir kifungo cha maisha kwa kuhusika na kutoweka huko, bila yeye kuwapo. Kwenye shaba hutamwona Oufkir wala Ben Barka.

Wanaolaumu hilo wana hoja nzito. Mateso yana mtendaji, mwenye cheo na ofisi. Usipomtaja, ukatili unakuwa kama mafuriko: umetokea tu, hakuna wa kushtakiwa. Kisha kichwa kinanunuliwa, kinawekwa bustanini, wageni wanakisifia.

Lakini ukikisogelea, hoja hiyo inapungua nguvu. Frink alipachika plasta kwenye fremu ya chuma, akaikatakata kwa patasi, ndipo shaba ikamiminwa. Mikwaruzo yote imebaki usoni. Katika baadhi ya vichwa, miwani peke yake imeng'arishwa, na anayeitazama anajiona humo. Mwaka 1975 akaanza vichwa vya walioteswa: shingo ileile nene, taya zilezile, ila macho yamefumbwa. Wapo wanaoona kufanana huko ni kuwakosea heshima wahanga. Mimi naona ndiko kunakotisha zaidi, maana mtesaji hakutoka sayari nyingine.

Kwa wanyama sina ugomvi. Yule farasi wake wa mwaka 1974 aliyepo London, amebeba mtu aliye uchi, bila tandiko wala hatamu, hana hatia ya kufichwa.

Kwa hiyo nasimama na Frink kuhusu shaba, si kuhusu ukimya unaoizunguka. Jumba lolote la makumbusho linaloonyesha vichwa vile vya miwani liandike ukutani, kwa herufi zinazosomeka, Oufkir ni nani na kwamba mwili wa Ben Barka haujapatikana hadi leo.