Meli haishindwi baharini, inashindwa gatini

Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar kwenda kusini pale Somanga, Kilwa, malori yalilala njiani na mizigo yake. Bahari ilikuwa palepale, mashariki kidogo tu ya foleni ile. Tangu hapo, kila nikikaa na watu wa mizigo nasikia dawa moja: serikali inunue meli ya Mtwara na Dar. Nawaelewa, ila naona tunatibu pasipouma.

Chukua mfuko mmoja wa saruji. Kwa lori, unapakiwa kiwandani Mtwara na kushushwa dukani Tandika. Basi. Kwa meli, unapakiwa lori la kwenda bandarini, unashushwa gatini, unaingizwa melini, unatolewa Dar, unapakiwa lori jingine, ndipo unashushwa dukani. Mara mbili kwa sita, na kila mkono unaougusa unalipwa.

Meli ya tani 3,000 inabeba mifuko 60,000 ya kilo 50, sawa na semi 100 za tani 30. Ikiwa majini, hakuna semi linaloikaribia kwa mafuta yanayotumika kwa kila tani. Lakini nimewahi kusimama gatini nikiwatazama makuli wakipanga mifuko kwenye wavu, kreni ikanyanyua, mfuko mmoja ukapasuka na vumbi la kijivu likawajaa nyusi. Wakafagia, wakaanza upya. Muda wote huo meli imefungwa kamba na siku inahesabiwa: marejesho ya mkopo, bima, mishahara ya mabaharia, ada ya gati. Mtwara hadi Dar ni safari ya kama siku moja, halafu meli inakaa bandarini siku nyingi kuliko ilizosafiri. Faida yote ya bahari inaishia hapo.

Kwa hiyo saruji isafirishwe kichele, yaani bila mifuko, ivutwe kwa bomba, mifuko ijazwe Dar. Au tela liingie melini na mzigo wake na litoke hivyohivyo.

Zanzibar majahazi yanaishi kwa sababu hakuna barabara ya kushindana nayo. Kusini barabara ipo. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003 na lami ikafuata, mzigo ulihamia nchi kavu, na hautarudi kwa kuhubiriwa.

Tena kuna mzigo wa kurudi, na hapa ndipo pagumu zaidi. Saruji inakwenda Dar kwa maelfu ya tani. Kinachorudi kusini ni unga, sabuni, vinywaji na mabati ya wenye maduka, kila mmoja na tani zake tano, na anazitaka Alhamisi. Mwenye lori anamwambia Alhamisi utapata. Mwenye meli anamwambia subiri ijae.

Meli lazima ing'oe nanga siku iliyotangazwa, hata ikiwa nusu tupu, mpaka wenye maduka waizoee. Miezi hiyo ya mwanzo ni ya hasara, na mwenye meli binafsi hawezi kuibeba peke yake. Fedha ya umma ningeipeleka hapo, na kwenye mabomba ya gatini, kabla ya kununua meli yoyote.