Meli ya Manza: nahodha tunamsifu, waliobeba mzigo hatuwataji

Ukiongelea vita vya kwanza vya dunia huku kwetu watu wote wanakimbilia Königsberg, ile manowari ya Mjerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 halafu ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji. Sawa, stori yake tamu. Ila kwa maoni yangu meli iliyowagusa zaidi watu wa nchi hii ni nyingine kabisa, ni meli ya mizigo iliyotumwa kuipelekea makaa ya mawe na wala haikuifikia.

Inaitwa Rubens. Ilikuwa mali ya Waingereza, vita vilipoanza ikakutwa Hamburg ikakamatwa, Wajerumani wakaibandika jina la Kronborg na bendera ya Denmark, wakatafuta mabaharia wanaojua Kidenmaki, juu ya sitaha wakapanga mbao ili Mwingereza akiikagua aone ni wafanyabiashara tu wanapita. Chini ya mbao kuna makaa, bunduki na mamilioni ya risasi. Nahodha Carl Christiansen akang'oa nanga Februari 1915, akapita kaskazini ya Scotland, akaishuka Atlantiki yote, akazunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Bahari ya Hindi bila kukamatwa. Huyu alikuwa baharia kweli kweli, sikatai.

Tarehe 14 Aprili 1915 akaingia ghuba ya Manza, wilaya ya Mkinga, kaskazini ya Tanga, huku Hyacinth, manowari ya Waingereza, inamfukuza, maana walishanasa mawasiliano ya redio wakajua kuna meli inakuja. Bahati yake injini moja ya Hyacinth ikagoma. Akaisogeza meli kwenye maji mafupi, akafungulia maji yaingie ndani, na mbao za juu zikatiwa moto. Waingereza kuona ule moto na moshi wakajua habari yake imekwisha, wakaondoka zao.

Wasimuliaji wengi wanaishia hapo, wanampigia makofi nahodha basi. Sasa mzigo ulitokaje? Upo majini, umelowa, na ni mzigo wa kuua mtu kwa uzito. Watu walizama wakautoa kasha kwa kasha mpaka ufukweni, halafu risasi zikafunguliwa moja moja, baruti ikatolewa ikakaushwa, ikarudishwa tena, risasi ikafungwa upya, na bado nyingine ziligoma kulipuka. Chukua kazi ya risasi moja kisha piga hesabu ya shehena nzima, ni wiki na wiki za watu kukaa wamejikunja na vipande vidogo vya shaba mikononi.

Na ilikuwa na maana kubwa mno. Januari mwaka huohuo kule Jassini, ambako ni Mkinga hukohuko, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, alishinda lakini aliteketeza risasi kama 200,000, akaona mapigano ya namna ile hawezi kuyarudia zaidi ya mara tatu hivi. Askari wake wengi walikuwa na bunduki za zamani za mwaka 1871 zinazotoa moshi, ukifyatua tu adui ashajua ulipo. Mzigo wa Manza ukamletea bunduki mpya na risasi, akaendelea kupigana, na kujisalimisha alikuja kujisalimisha 25 Novemba 1918 kule Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, Ulaya wameshanyamaza wiki mbili nyuma. Makaa ya Königsberg hayakufika, yenyewe ikamalizwa Rufiji Julai 1915.

Kinachonikera hasa ni meli ya pili, Marie, iliyotia nanga Sudi, mkoa wa Lindi, Machi 1916. Safari hii walileta mizinga pia, na mzigo ulishafungwa kabisa hukohuko Ujerumani kwa kipimo cha mtu mmoja kubeba kichwani. Yaani mtu anakaa ofisini kule anapanga safari ya meli na shingo ya Mmwera au Mmakonde asiyemjua imeshaingizwa kwenye hesabu kama sehemu ya usafiri! Mizinga ikavutwa na watu porini. Hyacinth ilikuja ikaipiga Marie mabomu, lakini ilizibwa matundu ikatoroka usiku mwishoni mwa Aprili mpaka Batavia, Jakarta ya leo. Mabaharia wakapona, wapagazi wakabaki na vita miaka mingine miwili na zaidi, na kwa pande zote mbili walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi.

Kwahiyo mimi sikubali historia ya meli hizi iandikwe kuanzia bandarini Ujerumani na kuishia inapotia nanga. Safari ya Rubens iliendelea Manza, ya Marie iliendelea kutoka Sudi kwenda bara kwa miguu. Majina ya manahodha tunayo, ya wapagazi tumewaachia wazee wa vijijini, na watoto wa wale waliobeba wengi wameshaondoka. Walimu wa historia Mkinga na Lindi, mnao wanafunzi na kila mmoja ana simu ya kurekodi nyumbani kwao, wapeni hiyo iwe kazi ya likizo: nenda Manza, nenda Moa, nenda Sudi, uliza ukoo gani ulibeba, walilipwa nini, nani hakurudi.