Gari sina, ila redio ya gari ninayo

Jamani mie gari sina, hata baiskeli ninayopanda ni ya shemeji, ila mwezi uliopita napita zangu Gerezani nakuta ampu ya gari, ile ya kukuza muziki wa redio, inauzwa elfu themanini, kubwaaa, imeandikwa wati 1000, nikasema hii nikiifunga sebuleni Tabata yote itanijua. Nafika home mama Junior ananikagua tu, "Baba Junior, ndo umeanza kununua gari kwa vipande?"

Nikanyamaza. Umeme si upo ukutani, tena volti 230, na hii inataka 12 tu, yaani umeme wa kusaza! Kumbe wa ukutani ni AC, ampu inataka DC kama ya betri. Nikajaribu chaja ya simu, volti 5, hata taa haikushtuka. Nikaleta ya laptop, ile ina 19, ikawaka taa nyekundu ikagoma kabisa.

Fundi wa mtaani akaniambia tafuta pawa saplai ya kompyuta, waya wa kijani unaugusanisha na mweusi inajiwasha, wa njano ndo una 12 zako. Nikafanya. Kimya. Nimehangaika mpaka magharibi kumbe kale katundu ka REM nako kanataka 12 ndo ampu iamke, sasa nani angejua? Nikakapa, muziki huo! Besi ya kwanza tu, duuum, zima. Nawasha, duuum, zima. Fundi anacheka ananionyesha fyuzi, imeandikwa ampea 30, zidisha kwa volti 12 unapata wati 360, sasa hizo wati zingine 640 zipo wapi? Zipo kwenye maandishi bana.

Eti pawa saplai inazidiwa, dawa ni betri. Haya, nikakopa nikanunua betri ya gari, N70, na chaja yake. Sahivi chini ya meza ya TV kuna betri, asidi imeshatoboa zulia, mama Junior hanisemeshi, na wapangaji wenzangu tunaochangia LUKU wananuna eti yuniti haziendi mbali.

Jana mwenye nyumba kapita kaikuta betri inachajiwa koridoni, akatabasamu, "Hongera baba Junior, kimya kimya umevuta chombo!" Afu akatoa daftari akaniandika kwa wenye magari, elfu kumi kila mwezi ya mlinzi. Nikalipa. Ningeanzia wapi kumwelezea?