Jogoo Aliyevunja Kafyu

Mama mkwe alikuwa aje kutuona Pasaka ya 2020. Alikuwa ameshasuka nywele na kufunga gunia la viazi vitamu, ndipo Jumatatu ya tarehe 6 Aprili Rais Uhuru Kenyatta akatokea kwenye televisheni na kuifunga Nairobi kwa sababu ya korona. Kuanzia saa moja jioni hiyo, hakuna kuingia wala kutoka, isipokuwa malori ya chakula na mizigo. Basi mama mkwe akabaki Bungoma. Jogoo wake, kwa kuwa kisheria ni chakula, akapanda lori la vitunguu Jumatano akaja peke yake.

Sisi tunakaa mtaa wa Umoja, Nairobi, ghorofa ya tatu, vyumba viwili, watu watano. Shule zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya Machi, na kazini nilikuwa nimeambiwa nikae nyumbani kwa nusu mshahara. Nilipomfungua yule jogoo miguu sikuona kuku, niliona firigisi. Kwa wakwe zangu firigisi ni ya mwenye nyumba, na tangu kafyu ianze, yaani marufuku ya kutoka nje usiku, hicho ndicho cheo pekee nilichobaki nacho.

Kosa langu ni kusema tutamchinja Jumapili ya Pasaka. Watoto watatu wasio na shule, ukiwaachia jogoo siku nne, si kuku tena huyo. Wakampa jina: Waziri, kwa kuwa kila siku alikuwa na taarifa kwa taifa. Tofauti ni kwamba Waziri wa Afya alihutubia alasiri, na wetu alianza saa kumi alfajiri. Jumapili nilinoa kisu. Kitinda mimba wetu akalala juu ya jogoo, akalia mpaka jirani akagonga ukuta. Pasaka tukala sukuma wiki.

Waziri akafungwa kamba mguuni, akahamia balkoni.

Wiki ya tatu, jioni moja, nilikuwa bafuni, sabuni kichwani, nikasikia, "Baba! Waziri ameruka!" Sikufikiri. Nilivuta nguo ya kwanza mlangoni, ikawa leso ya mke wangu, nikaifunga kiunoni nikashuka ngazi mbili mbili. Soja wa geti alikuwa ameshika kufuli.

"Mkubwa, imebaki dakika tatu saa moja igonge."

"Ni kuku tu."

"Kuku hana shida. Shida ni wewe."

Na kweli, kafyu haikumtaja kuku. Waziri alisimama katikati ya barabara, kamba inaning'inia mguuni, akitazama huku na huku kama mtu aliyekuja kukagua kiwanja. Barabara yenyewe sikuitambua. Saa hiyo, siku za kawaida, usingepata pa kuweka mguu: makanga wanaita abiria, mafuta ya chipsi yanachemka, mtu anakuuzia soksi kabla hujamwangalia. Jioni ile palikuwa na mbwa mmoja tu, naye alikuwa anaharakisha.

Nilimkimbiza kuku kuzunguka kibanda cha mama mboga mara nne, sabuni inaniingia machoni. Mara ya kwanza nikashika manyoya ya mkia. Yakabaki mkononi, mwenyewe akaenda. Mara ya pili nikaikanyaga kamba, nikamdaka, na papo hapo taa za Land Cruiser ya polisi zikanipiga usoni.

Video za polisi wakiwapiga viboko abiria kivukoni Likoni, Mombasa, siku ya kwanza ya kafyu, nilikuwa nimezitazama mara tatu. Halafu nikakumbuka barakoa. Ukikamatwa bila barakoa, faini ilikuwa hadi shilingi 20,000 au jela miezi sita. Leso ninayo, lakini leso ni moja. Nikiipandisha mdomoni, huku chini nitabaki na mashtaka mengine kabisa. Nikamwinua Waziri, nikaficha uso kwenye bawa lake.

"Wewe! Toa hiyo kuku usoni!"

"Afande, ni barakoa ya muda."

Kimya. Balkoni zote za ploti zilikuwa zimejaa watu. Hakuna aliyekosa kiti.

"Geuka."

Nikageuka. Tochi ikapanda taratibu kutoka kwenye visigino, ikasimama kwenye maandishi ya leso. Afande akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama mtoto wa darasa la pili: "Nilikudhani... dhahabu... kumbe... adhabu."

Ploti nzima ikaangua kicheko. Afande mwenyewe akashika mlango wa gari asianguke.

"Hii leso umenunuliwa na nani?"

Kabla sijajibu, mke wangu akapaza sauti kutoka ghorofa ya tatu: "Nilijinunulia mwenyewe, afande! Lakini ujumbe ni wake!"

"Enda ndani, Adhabu," afande akasema, akifuta machozi. "Na hiyo kuku ikitoka tena, nashika wewe."

Kesho yake mwenye duka alikuwa ameshabadilisha jina langu kwenye daftari la madeni.

Jumapili mama mkwe akapiga simu. Alitaka kujua neno moja tu.

"Baba Junior, ile firigisi, ulikula wewe mwenyewe?"

"Nilikula, mama. Ilikuwa tamu sana."

Na Waziri, hapo hapo dirishani, akatoa taarifa.