Umeme kati ya niuroni za ubongo wa kati: tuamini mpaka wapi?

Kwamba niuroni (seli za neva) zinaweza kupeana umeme moja kwa moja bila kemikali, hilo halina ubishi, watafiti Furshpan na Potter walishalionyesha kwa kambamto mwaka 1959. Kwenye ubongo wa mamalia kazi hiyo hufanywa zaidi na protini inaitwa koneksini 36: sita zinajipanga duara upande huu, sita upande ule, zinakutana na kuwa kijitundu kimoja cha kupitisha ayoni (chembe zenye chaji ya umeme). Ubishi unakuja ukiuliza inafanya nini hasa huko ubongo wa kati, sehemu ya juu ya shina la ubongo.

Kuna sehemu ushahidi wake ni mtamu kweli, zile seli za neva ya trijemina zinazohisi misuli ya taya. Unaweka elektrodi kwenye seli mbili zilizogusana, unaivuta volti ya moja chini kwa mkondo hasi na ya pili inashuka nayo, kidogo tu lakini inashuka, halafu ukigeuza inatokea vilevile. Hapo mimi sina neno.

Dopamini sasa, yaani zile seli za ubongo wa kati zinazotoa kemikali hiyo ya kupeleka ishara. Mwaka 1983 Grace na Bunney waliingiza rangi kwenye seli moja ya panya wakaikuta mpaka kwa jirani, na watu wakaanza kusema ndo maana seli hizi zinafyatua mishtuko ya umeme pamoja. Wapinzani wakajibu rangi inaweza kuvuja tu, na walikuwa na hoja. Mwaka 2005 Vandecasteele na wenzake wakarekodi seli mbili kwa pamoja na muunganiko wakauona, kwa hiyo kwamba upo, sawa, upande huo umeshinda.

Ila kuwepo sio kufanya kazi unayoitaka wewe. Muunganiko huu unapitisha vizuri mabadiliko ya polepole, mshtuko wenyewe ni mfupi mno kwa hiyo unafika umenyong'onyea, wakati lile bonde refu la volti linalofuata baada yake linapita vizuri zaidi, maana yake seli moja inaweza ikamchelewesha jirani badala ya kumsukuma! Na ushahidi mwingi wa kazi yake unategemea dawa za kuziba vijitundu, kabenoksoloni au meflokwini (ndiyo, ile ya malaria), ambazo zinagusa na vitu vingine kibao kwenye seli. Panya waliozaliwa bila koneksini 36 nao wanaishi, japo watetezi watasema ubongo umejirekebisha tangu mwanzo, na siwezi kuwapinga kwa hilo. Kwa taya nimekubali, kwa dopamini nakubali waya upo tu, hayo ya kufyatua pamoja nasubiri mtu azime koneksini 36 kwenye seli hizo peke yake, panya akiwa ameshakua.